Ufagio Nyuma ya Mlango

Nilipokuwa mtoto, kitanda changu hakikuwa changu. Kilikuwa cha wageni wa kanisa, nami nilikilalia pale tu wageni walipokosekana, jambo ambalo lilitokea kwa nadra. Baba alikuwa mwinjilisti, ametumwa na kanisa letu la magharibi mwa Kenya kwenda Kampala kufanya umisionari. Watu wakisikia mmisionari humfikiria mzungu mwenye gari. Sisi tulifika kwa basi na magodoro mawili, tukapanga nyumba ya vyumba vitatu Katwe, ambako mafundi wa vyuma walianza kugonga alfajiri na hawakunyamaza mpaka giza liingie.

Kanisa la Baba lilikuwa na matawi huko vijijini, na watu wa matawi wakiwa na shida ya mjini walikuja kwetu. Mzee wa kanisa la kijijini alimwandikia mtu barua, na mtu huyo akaja nayo, pamoja na kuku au mkungu wa matoke, ndizi za kupika. Barua ikishasomwa, mambo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyeuliza atakaa siku ngapi. Baba alisema kumwuliza mgeni siku zake ni sawa na kumwonyesha njia. Mama alikwenda kutandika kitanda changu, nami nikatandika mkeka wangu pembeni yake.

Ndivyo alivyokuja Jjajja Yunia. Jjajja ni bibi kwa Kiganda, nasi tulimwita hivyo tangu alipovuka kizingiti, mwembamba, shingo imefungwa kitambaa. Chini ya kitambaa kulikuwa na uvimbe mkubwa kama embe. Akivuta pumzi ilitoka sauti nyembamba ya kupuliza, na usiku nililala nikiisikiliza sauti hiyo juu ya kichwa changu. Daktari wa hospitali moja huko Mengo alimpa siku ya kupasuliwa, Alhamisi baada ya wiki tatu, na akamwonya Baba kwamba Alhamisi hiyo isipite, kwa maana uvimbe ulikuwa unabana koo.

Kiswahili chake alikipata kwa marehemu mumewe aliyekuwa askari. Usiku wa kwanza aliinama ukingoni mwa kitanda, akanitazama.

"Mtoto, wewe nalala chini? Kuja juu. Kitanda kubwa."

Nilijifunika uso na kujifanya nimelala. Hata sasa nikisema ukweli, maneno yale yalikuwa ya upole. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeona alichotandika juu ya shuka la Mama. Kilikuwa kitu kama nguo lakini si nguo, rangi ya kutu, kikavu, chenye harufu ya moshi na udongo. Kila asubuhi alikikunja na kukificha ndani ya mfuko wake, kisha akatoka peku kabla hapajapambazuka vizuri, akaizunguka nyumba yetu taratibu huku midomo ikicheza. Nilimchungulia dirishani. Miguu yake ilirudi imelowa umande.

Jambo hilo nilimpelekea Zubeda. Zubeda alikuwa na miaka kumi na miwili na alijua kila kitu. Familia yao ilikuwa na duka mkabala na kwetu. Babu wa babu zake walitoka pwani na biashara, wakaoa, wakabaki, na nyumbani kwao Kiswahili kilisemwa kwa maringo. Changu alikirekebisha bure, bila mimi kuomba.

"Hicho ni lubugo," alisema. "Gome la mti. Waganda wanazikia maiti."

"Si anakilalia tu?"

"Mtu hai alalie sanda, ya nini? Huyo msezi, Tabitha."

Nilikwisha kusikia habari za wasezi shuleni. Ni watu kama watu, mchana wanalima na kusali, lakini hufuata misiba na kula maiti, na asubuhi hurudi miguu imelowa. Zubeda hakuhitaji kunieleza zaidi. Nilimwuliza iwapo msezi hula pia watoto, naye akafikiri kwanza, na kule kufikiri kwake kulinitisha kuliko jibu lolote.

Dawa alinipa yeye, kutoka kwa bibi yake. Chukua ufagio wa njiti, funga chumvi kwenye kitambaa, kifungie kwenye njiti, kisha usimamishe ufagio nyuma ya mlango wa mbele, mpini chini, njiti juu. Mgeni atajisikia moto miguuni na ataondoka mwenyewe.

Nilikuwa binti wa mwinjilisti. Nilimsikia Baba kila Jumapili akiwaambia watu watupe hirizi zao, na mara nyingine walizileta kweli, naye akazichoma nyuma ya kanisa. Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili, ya mgeni na ya Baba. Hofu ya mgeni ndiyo iliyolala chumba kimoja nami, ikashinda. Jumanne asubuhi, siku mbili kabla ya ile Alhamisi, Jjajja alipokuwa bado anazunguka nyumba, niliufunga ufagio kama nilivyofundishwa, nikausimamisha nyuma ya mlango, nikakimbilia dukani kwa Zubeda.

Niliporudi saa nne, kitanda changu kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko nilivyowahi kukiona. Mfuko haukuwepo. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba na shuka mkononi.

"Jjajja ameenda wapi?"

"Sijui, Mama."

"Hakuaga. Mtu mzima kama yule, hakuaga." Akaligeuza shuka, akalitazama pande zote. "Angalia. Wiki mbili na nusu na shingo inatoa maji, na shuka halina hata doa. Alikuja na lubugo lake asituchafulie."

Furaha niliyokuwa nimeiandaa haikuja. Niliuona uso wa Mama, nikakumbuka sauti ile ya kupuliza kooni, nikakumbuka Alhamisi. Nilikwenda kuuondoa ufagio, nikafungua kitambaa na kuimwaga chumvi kwenye jiko la makaa. Ikalia na kuruka-ruka, nami nikadhani Jjajja naye, popote alipo, anaungua. Nilipiga magoti pale pale jikoni. Sikuweza kuomba, kwa sababu sikujua nimwambie Mungu nini kwanza.

Mama alituma mtu kanisani, na Baba akarudi mbio. Alipouliza nani alimwona mgeni mara ya mwisho, nilimwambia yote, Zubeda na chumvi na wasezi, nikingoja kupigwa. Hakunipiga. Alinishika mkono, tukashuka kwa miguu mpaka Nakivubo, kwenye stendi ya teksi, kama matatu za kwetu, za kwenda vijijini. Njia nzima nilikuwa natamani anipige.

Tulimkuta ameshaketi dirishani, mfuko mapajani, teksi inangoja abiria wawili ijae. Baba alimsalimu kwa heshima zote, akaniambia niseme mwenyewe. Nilisema. Nililia kuliko nilivyosema.

Jjajja alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kiganja chake kichwani kwangu, kikavu na chepesi.

"Mwana wange, mimi si najua nani naweka. Mimi naona fagio nasimama, naona chumvi. Hata kwetu iko. Nyumba nasema mgeni inatosha, mgeni naenda. Mimi si nakasirika."

"Ni mtoto, Jjajja," Baba alisema. "Nyumba haijasema kitu. Twende turudi, keshokutwa ni hospitali."

"Omusumba," alisema, maana yake mchungaji, "mimi kila asubuhi naombea nyumba yako, upande zote nne. Mzuri sana. Lakini mimi si narudi." Alitabasamu kidogo, akavuta pumzi, na ile sauti ikatoka. "Alhamisi nakuja hospitali moja kwa moja. Wewe ngoja mimi pale."

Baba alimsihi mpaka teksi ikajaa. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba chumvi haikumchoma miguu. Aliingia ndani, akaona ufagio, akausoma kama barua. Sisi tulimpokea kwa barua na kumfukuza kwa nyingine, naye akazitii zote mbili. Nimekutana na watu wengi wenye adabu tangu siku ile, na bado adabu ya namna hiyo hunitia baridi.

Baba hakungoja Alhamisi. Jumatano alimfuata kijijini, akamkuta amelala, koo limeziba kiasi kwamba ndugu zake hawakuthubutu kumpandisha gari. Alikufa kabla wiki haijaisha. Baba aliporudi kutoka mazikoni alinikalisha, akaniambia kwamba uvimbe ndio uliomwua. Niliitikia. Sikumwamini, na kwa miaka mingi sikumwamini. Nilirudi kulala kitandani mwangu, na kila nilipogeuka nilingoja kusikia pumzi ile.

Sikuambiwa tena habari hiyo na mtu yeyote. Wageni waliendelea kuja. Nilitandika kitanda kabla sijaagizwa, nilibeba maji ya kuoga, nilimwita kila bibi Jjajja, na watu wa kanisa wakasema binti wa mwinjilisti ana moyo wa ukarimu. Ilikuwa hofu tupu. Nimeolewa hapa hapa Kampala, na mpaka leo mgeni akisema anaondoka kesho, moyo unanidunda, nabaki kuuliza mara tatu kama tumemkosea.

Mwaka jana Mama alikuja kukaa kwangu, mjane sasa, magoti yanamsumbua. Tulikuwa tumeketi jikoni mchana, tunamenya matoke, nami nikalalamika kwamba nina wageni tangu Pasaka. Mama aliweka kisu chini.

"Ule ufagio niliuona," alisema.

Sikuuliza ufagio upi.

"Asubuhi ile, kabla Jjajja hajaingia. Nilikuwa natoka kuchota maji. Nikauona, na chumvi yake, nikajua maana yake. Nikapita." Alifuta utomvu wa matoke vidoleni, polepole. "Nilikuwa nimechoka, Tabitha. Nilijua ni mchezo wa watoto, nikasema moyoni, acha usimame. Ukimwondoa, sawa."

Hasira ilinijia, nisiseme uongo. Nilifikiria miaka yote ambayo mtoto wa miaka tisa alibeba kifo cha mtu mzima, na mtu mzima mwenzake yuko jikoni, anajua. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, hata siku moja, hata nilipokuwa mkubwa.

"Nilidhani uliniona nikipita," Mama alisema. "Kila ulipokuwa unakimbilia kuwatandikia wageni, nilidhani unanionyesha kosa langu. Nilikuwa nakuogopa."

Nilimtazama, mwanamke niliyemwita mama wa kanisa zima, akingoja hukumu ya mwanawe. Tulikuwa tumekula meza moja maisha yetu yote, kila mmoja akidhani mwenzake anajua. Sikuwa na la kumsamehe ambalo mimi mwenyewe sikuhitaji kusamehewa. Nilichukua ndizi nyingine, naye akaokota kisu chake, tukamaliza kumenya, kwa sababu wageni walikuwa bado hawajala.