Ng'ombe Kwenye Migomba ya Mama

Nakumbuka kiangazi kimoja, mwanangu, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na Morotonga. Nikikikumbuka, hata leo damu inachemka.

Baba alikuwa ameshafariki. Mama yangu, Ghati, aliacha kule kwetu kando ya kijito migomba na michungwa aliyoanza kuipanda tangu alipoolewa. Kijijini tulipewa kiwanja kitupu, hata kivuli cha kupumzisha kuku hakuna. Basi tukishakamua ng'ombe wetu wachache, mimi na yeye tulikuwa tukirudi kule kumwagilia na kuweka samadi. Mwendo ulikuwa mrefu, lakini shamba lile ndilo lililotulisha wakati mtama ulipoisha ghalani na mvua bado ziko mbali.

Asubuhi moja tukakuta ng'ombe wa baba mdogo Chacha, mdogo wake baba, wako ndani. Malisho yalikuwa yamekauka kila mahali, naye aliona kijani kile. Migomba imelazwa chini, imetafunwa mpaka shina. Michungwa iliyoanza kuzaa imevunjwavunjwa. Yeye amekaa kwenye jiwe, anachonga fimbo.

"Shemeji, umefanya nini?" mama akamuuliza.

"Huku si kwa mtu tena," akajibu bila kuinuka. "Ninyi mmehamia kijijini. Hili sasa ni pori."

Mama hakumtukana. Aliniambia nizunguke upande wa pili, tukawaswaga ng'ombe wote mpaka kijijini, tukawafungia katika zizi letu. Baba mdogo alitufuata akiapa kunivunja miguu. Mama akasimama mlangoni mwa zizi, panga mkononi.

"Wameshiba jasho langu," akasema. "Hawatoki mpaka wazee wakae."

Wazee walikaa jioni ile. Wengi walikasirishwa zaidi na mwanamke kufungia ng'ombe wa mwanamume kuliko na shamba lililoharibiwa, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Mzee Marwa peke yake alimgeukia baba mdogo: "Kiangazi kilichopita, watoto wako walikula ndizi za nani?"

Swali hilo likawageuza wazee wengine. Baba mdogo akaamriwa abebe samadi kichwani mpaka shambani, yeye mwenyewe, kisha alizungushie shamba uzio wa miiba. Alifanya kazi hiyo amenuna, watu wa rika lake wakimcheka. Mvua ziliporudi migomba ilichipua. Michungwa mingi ilikufa, mama akapanda upya na kungoja miaka. Hakuombwa radhi hata siku moja.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia mbuzi wako wamemaliza mipapai ya Bhoke, yule mjane jirani yetu, nawe ukajibu kwamba hana uzio. Usinieleze kitu. Kabla hujala leo, nenda umpe shikamoo yake, ukiri kosa, ukate miiba umzungushie, na mvua zikianza upande mipapai mingine pamoja naye. Mifugo ni yako, basi kiangazi kaa nyuma yake macho wazi. Usiite pori mahali ambapo mtu ameinamisha mgongo. Na siku ukionewa wewe, usitukane wala usimkate mtu. Shikilia haki yako mbele ya watu mpaka wakusikilize.

Nimemaliza. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, ng'ombe wako wazae salama, na wanao wale ulichopanda pasipo mtu wa kuwafukuza.