Wivu ilifanya nimwage dawa ya kupunguza friction kwa kichwa cha lathe

Wakuu, salamu kutoka Migori town. Hii kitu ilinitokea mimi mwenyewe, na pale nimeonekana mjinga sijapunguza hata kidogo.

Mimi ni fundi wa lathe. Kwa wale hawajui, lathe ni mashine inazungusha chuma huku kisu inakichonga. Tunatengeneza shafti za posho mill, bush za trekta, yaani zile pete za chuma shafti inazunguka ndani yake, pulley, vitu kama hizo. Niko na hii kazi miaka kumi na nne.

Sasa kuna fundi mwenzangu anaitwa Achieng', workshop yake iko Rodi Kopany. Tulisoma polytechnic moja. Darasani mimi ndio nilikuwa mbele. Yeye ndio alikuwa akiniuliza maswali, na mimi namjibu nikiwa nimeweka mikono mfukoni, mnajua hiyo maringo.

Mwaka jana watu wakaanza kuniambia ati kazi ya Achieng' imekuwa laini kama kioo. Mteja anakuja kwangu na bush ametengeneza Achieng', anaiweka kwa meza yangu, ananiambia, "Fundi, nataka kama hii."

Yaani mimi niige Achieng'.

Hiyo bush nilichukia. Niliigeuza geuza nikitafuta makosa, nikaipima na vernier mara tatu. Hakuna makosa. Nilikasirika hadi nikakosa hamu ya chakula, na siku hiyo ilikuwa ngege na kuon, yaani samaki na ugali, chakula sijawahi kataa.

Lakini mwenye alinimaliza kabisa ni Mzee Marwa. Huyu ni mzee Mkuria wa Kegonga, ana posho mill tatu, na ndiye mteja anaweka mlango wangu wazi. Akiniacha, nabaki kunyoosha rim za pikipiki.

Siku moja naona pickup yake inapita na chuma nyuma. Haikusimama. Baadaye nikasikia alienda Rodi. Mtu ametoka Kegonga, amefika hapa Migori, amepita mlango wangu, akaenda Rongo, akakata kona mpaka kwa Achieng'. Na alinipigia honi akinisalimia.

Hapo ndio nikaamua lazima nijue huyu mama anatumia nini.

Siku ya soko nikaenda Rodi, nikijifanya natafuta fahali. Nikapitia kwake kama mtu amepita tu. Achieng' akanikaribisha vizuri, akanipa chai, akanionyesha mashine yake. Ni fupi kuliko yangu. Nilifurahia hiyo ufupi, nawaambia ukweli.

Nikamwona akichukua mkebe mdogo, akaweka dawa nyeusi kidogo kwa mafuta ya kupaka reli, yaani zile njia carriage, ile inabeba kisu, inateleza juu yake. Akaniambia, "Hii inapunguza friction. Kitambo ilikuwa inakwama ikiruka, inaniachia mistari kwa kazi. Sasa inateleza."

Mtu mwenye akili angeuliza inawekwa wapi, kiasi gani, na wapi haifai. Swali moja tu. Lakini nimuulize Achieng'? Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Nikangoja aitwe nje na mteja, nikapiga ule mkebe picha na simu, nikamaliza chai, nikaaga.

Hata fahali sikuangalia.

Dawa nikaagiza Kisumu. Ilipofika, nikawaza hivi: kama kidogo kwa reli inafanya kazi nzuri vile, je nikimwaga mkebe mzima kwa kichwa cha mashine, mahali gia zote zinaogelea kwa mafuta? Si nitamwacha mbali sana?

Nikamwaga. Nikaiwasha bila kazi, ikazunguka kimya kabisa. Nikacheka peke yangu. Nikampigia Mzee Marwa simu, nikamwambia kama ana shafti alete aone finish mpya. Akasema kweli anayo, ndefu, atakuja kesho.

Akaja, akaketi kwa stool akitazama. Nikafunga chuma, nikaanza kuchonga. Mara ya kwanza sawa. Mara ya pili nikaingiza kisu zaidi kidogo, chuma ikapunguza mwendo, ikasimama. Motor inanguruma, lakini chuma imelala. Nikalazimisha. Ikaruka, kisu ikachimba shimo pale pale bearing inakaa, na harufu ya mafuta imeungua ikajaa workshop.

Shafti kwisha.

Mzee Marwa aliinuka kwa stool. Alitoa simu tu, akampigia Achieng' mbele yangu, akaweka loud speaker. "Mama, huyu fundi wako ameniharibia chuma."

Nikasikia sauti ya Achieng': "Mzee, nilikutuma kwake kwa sababu kwa shafti ndefu huyo ananishinda. Si mkono yake. Ni mashine imekataa. Mwambie asiiguse, nitakuja."

Wakuu, nilitafuta mahali pa kuangalia nikakosa. Kumbe mzee hakuja juu ya simu yangu. Alikuwa ametumwa na Achieng'.

Kesho yake Achieng' akafika na spana zake. Akafungua kifuniko, akanusa mafuta, akaniangalia.

"Omera, ndugu yangu, uliweka ile dawa huku?"

Nikakubali.

"Lakini huku kuna clutch ndani ya mafuta. Zile plate zinafanya kazi kwa kushikana. Ukizipaka kitu ya kuteleza, zitashikanaje? Mbona hukuniuliza?"

Nikainama nikatafuta beseni ya kumwagia mafuta. Jibu nilikuwa nayo, lakini haisemeki.

Tulimwaga mafuta yote, tukatoa plate, tukaziosha na parafini moja moja, tukaweka mafuta safi ile imeandikwa kwa kibao cha mashine. Yeye akapaka dawa kidogo kwa reli, mahali pake. Nikachonga shafti nyingine, chuma ikiwa yangu, Mzee Marwa akiwa amerudi kuona. Achieng' akapitisha kiganja juu yake, akamwambia Mzee Marwa, "Hii siwezi kutoa mimi."

Nilifurahi kama dakika moja. Halafu wivu ikarudi, na safari hii haikuwa ya kazi. Nilimwonea wivu vile anaweza kusema hivyo, mbele ya mteja, bila kuumwa popote. Mimi tangu afungue workshop sijawahi kumsifu kwa mtu hata mmoja. Na bado hiyo siku sikumwambia asante ya maana. Nilimpa soda.

Nilichojifunza: dawa ya kupunguza friction ni ya mahali panateleza, si mahali panashika. Soma kibao cha mashine yako, na kama kuna clutch kwa mafuta, weka mkebe mbali. Na ukiona mwenzako anakushinda, muulize tu. Nilichokosa kumuuliza kilinipotezea shafti nzima, na mzee kidogo anitoroke.

Mafundi, mnatumia nini kwa reli zenu? Na wewe umewahi kuonea mwenzako wivu mpaka ukajiharibia? Andikeni hapo chini, hata matusi nitasoma.

Na kama uko karibu na Rodi Kopany na una kazi ya bush ama shafti fupi, usije kwangu. Mpelekee Achieng'. Mwambie umetumwa na mimi, maana sijawahi kutuma mtu kwake.