Lori Lililogoma Siku ya Mbuzi wa Ntheo

Siku yangu ya kwanza kazini sikusema neno hadi chai ya saa nne. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na nilijionea haya. Fundi Mkuu wa gereji, kule Machakos mjini, hakujali. Alinisimamisha kando ya gari dogo lililolia "tak!" kila ufunguo ulipozungushwa, kisha likanyamaza.

"Unasikia nini?"

Nilitikisa kichwa.

"Afadhali. Wale wanaojua haraka wananiharibia stata. Washa taa kubwa, zungusha ufunguo, na uangalie taa, usiniangalie mimi."

Taa hazikufifia. Akanieleza kwamba hapo umeme upo, na mara nyingi mwenye kosa ni stata, yaani mota ndogo inayozungusha injini iamke. Lakini taa zikizimika kama kibatari kilichopulizwa, basi betri imechoka au njia ya umeme imeharibika. Gari likilia tiki-tiki-tiki upesi upesi, anza na betri. "Na umeme huenda na hurudi," alimalizia. "Vijana hufuata waya wa kwenda tu, wakasahau ule wa kurudi."

Waya wa kurudi mafundi tunauita waya wa ardhi. Hutoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye chuma cha gari. Hauna sifa yoyote mpaka siku unapokatika.

Baadaye nilihamia yadi ya malori kule Athi River. Msimamizi wa Yadi alikuwa na sauti kubwa kuliko honi. "Gusa vichwa vya waya!" alikuwa akitupigia kelele. "Palipo na joto ndipo penye ugonjwa!" Alikuwa na maana kwamba umeme ukibanwa mahali hupachoma hapo. Kwa kuwa sikupenda kubishana na watu, nilipenda kazi hiyo ya kugusa na kunyamaza.

Nilikuwa hapo yadi nilipompata Nduku, binti kutoka Wamunyu. Kwetu Wakamba, msichana huwezi kumwita mke kabla mbuzi wa ntheo hawajafika kwa wazazi wake. Mara ya kwanza tulishindwa kuwapeleka kwa sababu baba aliugua. Mjomba wake Nduku akatuma neno: "Ugonjwa tumeuelewa. Lakini mkikosa tena Jumamosi, mbuzi wenu wakae hukohuko kwenu."

Msimamizi alituazima lori, lile lililobeba ng'ombe wa kuchinjwa wiki nzima. Jumamosi asubuhi tukapanda: mbuzi nyuma pamoja na vijana, mbele Mutua dereva, baba, na mzee Kimeu, ndugu ya mama, aliyekuwa msemaji wetu. Mimi nilibanwa katikati nikiwa na koti la kuazima. Tulisimama Machakos mjini kununua sukari ya wakwe, Mutua akazima injini. Aliporudi kuiwasha, lori likalia tak, likanyamaza.

"Betri," alisema Mutua.

Nilitaka kushuka. Mzee Kimeu akanishika mkono. "Wewe leo ni bwana harusi. Utawasalimia wakwe na mikono ya grisi? Kaa."

Nikakaa. Mutua akaazima betri mpya dukani, akaifunga mahali pa ile ya zamani. Tak. Wakajaribu kulisukuma, nalo limeelekea mlimani. Vijana waliteleza, na mbuzi mmoja akacheka. Naapa alicheka. Jua lilikuwa limepanda juu ya vichwa.

"Tuwatumie wakwe neno," baba alisema kwa sauti ndogo.

"Neno gani, mzee?" akajibu Mutua. "Kwamba tumekosa tena?"

Nilikuwa nimeona taa za dashibodi zikizimika kwa betri zote mbili. Betri mbili haziwezi kuchoka siku moja. Njia ndiyo iliyokuwa mbovu.

"Mjomba," nikasema, na kila mtu akageuka kwa kuwa sikuwa na kawaida ya kusema, "nishikie koti."

"Kijana, nimekuambia—"

"Nishikie koti, mjomba. Nikikosa Nduku, mikono safi nitaipeleka wapi?"

Alilichukua.

Kwenye lori lile betri ilikaa chini ya bodi, upande wa dereva. Nilimwambia Mutua azungushe ufunguo mara kadhaa, kisha nikagusa vichwa vya waya kimoja kimoja. Baridi. Baridi. Nikaingia chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyetaka kuingia kwa sababu ya mavi ya ng'ombe. Bolti ya waya wa ardhi iliniunguza kidole. Mkojo wa ng'ombe ulikuwa umedondokea hapo wiki baada ya wiki, ukaila shaba hadi ikawa unga wa kijani. Nilikata kichwa kilichooza, nikachuna waya mpaka shaba ikang'aa, nikasugua chuma kwa msasa, nikauzungusha waya kwenye bolti, nikakaza.

"Jaribu!"

Lori liliunguruma. Baba alikaa chini barabarani, hapohapo, akavua kofia akajipepea.

Tulifika Wamunyu jua likiwa bado lipo. Mjomba wake Nduku aliniangalia mikono. "Na huyu ametoka kuchimba kisima?"

Mzee Kimeu akakohoa. "Lori ilikataa kuja. Yeye akaibembeleza."

"Basi mpeni maji anawe. Mbuzi tumewaona."

Nilifanya kazi Kithimani tangu hapo, kwenye banda langu mwenyewe, mpaka magoti yalipokataa kuingia chini ya magari. Sasa naandika haya polepole, kwa ajili yenu mnaoanza. Ziangalieni taa. Guseni waya. Ufuateni umeme hadi unaporudi.

Nduku ndiye mwenye pikapu siku hizi. Huamka mapema kupeleka ndengu sokoni. Nikiwa kitandani namsikia akizungusha ufunguo, nami huzuia pumzi. Injini ikishika, napumua, navuta blanketi.