Ufundi wa Antidoro

Jirani yangu Filoneo alikuwa mfinyanzi bora kuliko wote katika mtaa wetu hapa Athene. Nasema hivyo kwa uchungu, maana tanuri langu limetazamana na lake miaka thelathini. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Antidoro. Kila nilipomshauri amkalishe mapema kwenye gurudumu, udongo uwahi ungali maji, alinijibu kwamba mikono ya mwanawe haikuumbwa ichafuke. Akampeleka kwa mwalimu mmoja wa barazani, akajifunze wema.

Alijifunza miaka kumi. Wema ni somo refu, naona. Alikuwa akija karakanani kwangu na wenzake kunithibitishia kuwa sijui chungu ni nini, huku amekalia kimojawapo. Wimbo wake ulikuwa mmoja: wema ni ufundi kama ufinyanzi, tena ndio ufundi mkuu. Chakula alikula kwa rafiki zake matajiri, waliopenda kumsikiliza mtu wakishashiba.

Kisha vidole vya Filoneo vikakakamaa kwa baridi yabisi, asiweze kufinyanga hata kibakuli. Akamwomba mwanawe amlishe. Antidoro akamkumbusha kwa upole, maana upole nao alikuwa ameusomea, sheria yetu ya kale: baba asiyemfundisha mwanawe ufundi hana haki ya kulishwa naye uzeeni. Niliposikia, niliona aibu mimi nisiyemzaa.

Shauri likaenda kwa mwamuzi, mzee wa miaka sitini aliyepewa kazi hiyo mwaka ule pamoja na wenzake wa rika lake, na ambaye wazi alitaka kwenda kula. Nilikuwapo kama shahidi. Antidoro alikuja na wanafunzi wake watatu, wasiomlipa kitu, waone hoja inavyojengwa, akaeleza vizuri mno kwamba hajui kazi yoyote. Kwa mara ya kwanza nilimsadiki.

Filoneo alisimama, mikono ameificha ndani ya shuka lake.

"Mimi sikusoma," alisema. "Lakini huyu mwanangu kila siku anasema wema ni ufundi. Na aliyempeleka akafundishwe ni mimi."

Mwamuzi akamgeukia Antidoro. "Haya, bwana mdogo. Ni ufundi au si ufundi?"

Antidoro akamtazama baba yake, kisha akawatazama wanafunzi wake. Akisema si ufundi, ameshinda, ila kesho hana la kufundisha.

"Ni ufundi," akasema.

"Basi kamlishe baba yako."

Tatizo ni kwamba hakuna anayekwenda sokoni kununua wema, na wale matajiri walikuwa na nafasi ya mdomo mmoja mezani, si miwili. Kwa hiyo Antidoro, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, sasa ameketi kwenye gurudumu, na baba yake nyuma yake akimwelekeza kwa maneno, kwa kuwa mikono imegoma. Vyombo vinatoka vimepinda kuliko hoja zake.

Jana nilimkuta mzee anakula dengu nyuma ya mwanawe aliyekuwa gurudumuni, katika bakuli alilolifinyanga kijana huyo, mchuzi unamchuruzikia magotini. Nikamnong'oneza kwamba bakuli linavuja.

"Najua, jirani," alisema bila kuacha kula. "Ndiyo maana nafanya haraka, nimalize kabla hajageuka akaona."