Kwa Mkono Inakubali

Kiguu na Njia ndilo jina walilompa kazini, na hawakumsingizia. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili, kiti chake kipya kabisa kwa kutokaliwa! Ila njia yenyewe, jamani, ilikuwa hatua thelathini tu: mezani hadi chumba cha seva, chumba cha seva hadi mezani. Miaka miwili hakuchukua likizo.

Alikuwa msimamizi wa seva, yaani kompyuta kuu, ya benki ya damu. Seva hiyo huandika kila kinachopita: chupa gani imetoka, imekwenda kwa nani. Maandishi hayo huitwa logi, nayo hunenepa. Kila siku saa sita mchana programu ndogo ilitakiwa kufunga faili la zamani na kufungua jipya. Isipofanya hivyo diski hujaa, seva hugoma, na daktari hajui damu ipi ampe nani. Basi programu hiyo iligoma tangu siku alipohamishia logi kwenye diski mpya. Akiiendesha kwa mkono, inakubali. Ikiachwa yenyewe, wapi! Akailaumu saa, akabadilisha ratiba mara kumi, mwishowe akawa anaiendesha mwenyewe kila mchana, Jumapili na sikukuu. Siku moja alimwachia fundi mwenzake, Baba Pole. Mwenzake akasahau, na diski ikajaa. Tangu hapo hakumwachia mtu.

Mama yake, mji wa mbali, alikuwa na mtoto wa jicho. Upasuaji ulishaahirishwa mara mbili kwa kumngoja binti.

"Jumatano nakwenda, mwanangu," mama alimwambia kwenye simu. "Ukija, njoo. Usipokuja, nitamshika nesi mkono."

Maneno hayo yalimchoma. Jumatatu alizunguka ofisini mpaka Baba Pole akachoka kumtazama.

"Dada, si umzime yule mlinzi tu? Utapumzika."

Mlinzi! Kiguu na Njia akasimama ghafla. Ndani ya seva mna mlinzi wa ruhusa: kila faili lina lebo, kila programu ina orodha ya lebo inazoruhusiwa kugusa, na isiyoruhusiwa haipiti ng'o. Yeye kama msimamizi alipita kokote, ndiyo maana kwa mkono ilikubali. Programu ikienda peke yake ilirudishwa mlangoni. Lahaula! Diski mpya aliiweka yeye, lebo ya logi hakuiweka. Miaka miwili anaisema saa, kumbe kosa ni lake.

"Simzimi," alisema. "Hii ni damu ya watu."

Akaandika kanuni: kila faili la folda ile lipate lebo ya logi, na programu iguse hayo tu, basi. Jumanne, saa sita ikikaribia, mkono ukaanza kumwasha.

"Usiguse!" Baba Pole akamkemea.

Akavikalia viganja vyake. Saa sita na sekunde tatu, faili jipya likafunguka lenyewe. Akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Mara moja ni bahati tu," akanung'unika. Hata hivyo, basi la saa nane halikuwa la kumngoja, akaondoka na roho mkononi.

Jumatano mchana, mama akiwa chumba cha upasuaji, alimpigia Baba Pole simu kutoka ukumbi wa hospitali, huku akitembea.

"Faili limefunguka?"

"Limefunguka lenyewe, dada. Kaa chini."

Alhamisi vilevile. Kazini hakuna aliyemuulizia, na hilo nalo likamuuma, msimcheke.

Ijumaa nesi akaifungua bandeji ya jicho. Mama akapepesa, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, akanyoosha mkono na kumgusa juu ya sikio.

"Mwanangu," akasema, "hizi mvi zimeanza lini?"

Binti akazigusa naye. Hata yeye hakujua.