Jioni niliyotangaza mwezi kisiwani Chovai, na shangazi yangu aliyesomea nyota

Salamu kwenu wakuu. Mimi humu ni wa kusoma na kupita, hata komenti moja sijawahi kuweka. Leo nimejikaza.

Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la siri. Chumvi sijaongeza. Kama nimepunguza, ni kwa haya tu.

Niko kidato cha tatu Kismayo, ila kwetu ni Chovai. Mimi ni yule msichana ambaye mwalimu akiita jina, huinua kidole badala ya kuitika.

Nina shangazi, tumwite Mwanamize. Amesomea elimu ya nyota chuo kikuu, nje. Darasani kwao wanawake walikuwa wawili.

Siku yake ya kwanza kwenye jumba la darubini kubwa, mlinzi alimkabidhi ufagio. Shangazi akaupokea, akafagia mpaka mlangoni mwa darasa, akauegemeza ukutani, akaingia akakaa. Hadithi hiyo nimemwomba anisimulie mpaka amechoka nami.

Sasa kazi yake ni kupima mwanga wa nyota kwa kompyuta. Akija nyumbani, kina mama humletea majina ya maharusi, awatazamie kama nyota zao zinapatana.

Yeye hucheka: "Mimi najua nyota iko mbali kiasi gani. Mume yuko mbali kiasi gani, hilo lenu."

Mwaka huu alikuja akiwa na nia. Shule yetu haikuwa na mwalimu wa fizikia. Wavulana walikuwa na twisheni mjini, sisi wasichana tunarudi nyumbani. Shangazi akataka atufundishe.

Wote kwenye kamati ya shule walikubali, akabaki Maalim Shee, imamu wetu wa Chovai, aliyemo kwa niaba ya wazazi wa visiwani. Yeye akasema, "Nitafikiri." Wiki mbili, bado anafikiri.

Bila fizikia, wakuu, mimi wa kufuata nyayo za shangazi ningebaki kumwandika daftarini tu.

Basi ikafika jioni ya Shaabani ishirini na tisa, nami niko nyumbani kwa likizo. Kisiwa kizima kiko ufukweni, macho magharibi, kutafuta mwezi wa Ramadhani. Shangazi akaisimamisha darubini yake ndogo uani kwetu. Akaielekeza anapopajua yeye, akazungusha kitufe mpaka picha ikakaza, kisha akaenda kutawadha.

Akaniambia, "Usiiguse."

Sikuigusa. Nilichungulia tu.

Humo ndani kulikuwa na mwezi! Mwembamba, mweupe, umepinda kama kipande cha ukucha.

Mimi ambaye sijawahi kupaza sauti, nilipiga ukelele: "Mwezi! Nimeuona mwezi!"

Watoto wakakimbia na neno hilo. Haikupita muda, kipaza sauti cha msikiti kikatangaza kuwa mwezi umeandama. Binamu yangu Athumani, aliye Kismayo, akapata habari kwenye simu, akaisambaza mtaa mzima.

Shangazi akatoka, maji yanamtiririka mikononi. Akachungulia.

"Hii ni Zuhura, mwanangu. Nilianza nayo ili nikaze picha, ndipo nitafute mwezi. Zuhura nayo hukatika kama mwezi, ila kwa jicho tupu huioni hivyo. Inua kichwa."

Nikainua. Mbele ya bomba la darubini, juu ya mawingu, iliwaka nyota moja kubwa. Ile ile ninayoiona kila jioni.

Nikamsihi aende yeye akaseme. Akakataa.

"Ushahidi ni wako. Ni wewe wa kuurudisha. Mimi nitasimama nawe."

Tukaenda na darubini mpaka barazani pa msikiti, watu wanajipanga kwa Isha na tarawehe ya kwanza. Nilisema huku naangalia vidole vyangu vya miguu: "Si mwezi. Ni mimi nimekosea."

Mmoja akadakia, "Si niliwaambia? Mchu mke na bomba lake!" Mchu mke kwetu ni mwanamke.

Nilidhani shangazi atajibu. Yeye aliielekeza darubini upya, akamwita Maalim Shee kwa adabu aje atazame.

Maalim akainama. Akatazama. Akainua kichwa akaitazama nyota. Akainama tena. Mara tatu hivyo.

"Wallahi," akasema, "mimi ningeapa."

Akaenda mwenyewe kwenye kipaza sauti: tunatimiza siku thelathini za Shaabani. Athumani akanitumia sauti: "Walaal, ndugu yangu, huku tushapika daku! Mwezi nao mnaurudisha kama samaki aliyeoza?"

Maalim alipotoka, alimwambia shangazi, "Mwanafunzi wako amekosa, lakini ameungama mbele ya kijiji. Wanaume wangapi walionidanganya mwezi hawajarudi kukiri mpaka leo. Jumamosi nenda ukafundishe. Na hilo bomba nenda nalo."

Sasa tuko wasichana kumi na mmoja darasani kwa shangazi. Kila anayeingia hupewa kwanza ufagio, afagie mpaka mlangoni, kisha akae mbele. Huwa tunacheka sana.

Nilichojifunza: kabla hujatangaza ulichokiona, uliza bomba limeelekea wapi. Na mtu anayekupenda wakati mwingine hukuacha useme mwenyewe.

Haya wakuu, mwenye mama, dada au shangazi wa aina hii atusimulie hapo chini. Na aliyewahi kurudisha neno lake mbele za watu pia asione haya.

Mwalimu akiita jina siku hizi naitika. Kwa hiyo na humu nitajibu.