Nilisema Nne, Fundi Akasikia Nane

Spika zangu ni za mbao, kimo chake kama mtoto wa darasa la kwanza. Marehemu mume wangu alipewa na meneja wa shamba la kahawa kule Oldeani, meneja alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Akazileta kijijini kwetu Qurus juu ya trela la trekta, amezikumbatia njia nzima kama bibi harusi wawili. Amplifaya yake ilikufa, na mzee mwenyewe akafuata miaka mingi baadaye. Spika zikabaki sebuleni. Nikaziwekea vitambaa vya kufuma, na kuku mmoja akazoea kutagia juu ya ile ya kushoto. Majina ya watu wote nitakaowataja hapa nayakumbuka, na la kuku pia, lakini siyaandiki. Tunachota maji bomba moja.

Jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba. Jirani yangu, mjane mwenzangu, Mchaga wa Rombo, ana sabufa yenye taa za rangi. Tuliposali kwake, wimbo wa kufungulia ulitikisa vikombe vya chai mpaka chai ikamwagika kabla haijanywewa. Akanigeukia mbele ya watu.

"Dada, kwako wiki ijayo tutaimbiwa na yule kuku?"

Nikacheka kwa meno tu. Moyoni nikaapa: zamu yangu ikifika, spika za mzee zitaimba.

Nikamwambia mkwe wangu, anayeendesha watalii kwenda kreta. Akaniletea amplifaya ndani ya boksi limeandikwa wati elfu tatu, tarakimu kubwa kuliko uso wangu. Nililiweka boksi tupu dirishani, upande wa nyumba ya jirani. Bahati mbaya chombo kilisafiri nyuma ya gari bila kufungwa, na barabara zetu mnazijua. Upande wake mmoja ulikuwa umekufa. Ukabaki mdomo mmoja wa kutolea sauti, na spika ninazo mbili.

Nikampigia simu fundi wa redio kule mjini Karatu.

"Shikamoo bibi. Mdomo mmoja unaweza kulisha spika mbili, ila inategemea omu. Angalia nyuma ya spika kuna namba, mbele yake kuna alama kama kwato la punda."

Nikainama, nikapangusa vumbi. Kwato nikaliona. "Nne," nikasema.

"Ngapi?"

Upepo ulikuwa mwingi, nami sisikii vizuri, na mtu asiyesikia hupiga kelele akidhani wenzake ndio viziwi. Nikaivuta: "Nnn-ne."

"Nane. Safi sana bibi. Zifunge zote kwenye mdomo huohuo, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi."

Nikafunga. Nikaweka wimbo, nikazungusha kitufe mpaka mwisho, maana mtu mwenye wati elfu tatu anaogopa nini. Ziliimba. Jamani, ziliimba mpaka kuku akatoka mbio na yai halijakamilika. Kisha nikasikia harufu kama ya mpini wa sufuria ulioungua, taa nyekundu ikawaka, na nyumba ikawa kimya. Jirani akachungulia kwenye ua.

"Dada, sala imekwisha kabla hatujaja?"

Nikampigia fundi tena. Jumuiya ilikuwa kesho yake.

Fundi alikuja kwa pikipiki asubuhi. Akatazama nyuma ya spika, akanitazama mimi.

"Bibi, hii ni nne."

"Ndivyo nilivyosema."

"Ulisema nane."

"Masikio yako ndiyo yalisema nane."

Tukabishana hapo mpaka chai ikapoa. Kisha nikamuuliza, nne si ndogo kuliko nane? Mzigo mdogo unauaje chombo? Akasema omu ni ubishi wa spika. Nane inabisha sana, inapokea umeme kidogokidogo. Nne haibishi, inavuta tu. Na ukifunga mbili mdomo mmoja, zinavuta pamoja kama omu mbili, na chombo hiki hakiwezi kushuka chini ya nne.

Hapo nikaelewa. "Kumbe ni ndama," nikamwambia. "Nimeweka ndama wawili wenye njaa kwenye chuchu moja. Ng'ombe lazima apige teke."

Fundi akasema hajawahi kufundishwa hivyo, lakini ndivyo.

"Na zile wati elfu tatu?"

Akageuza chombo. Nyuma, kwa maandishi ya sisimizi, palikuwa na hamsini. "Za kwenye boksi ni za mara moja, bibi. Kama chafya. Za nyuma ndizo za kufanyia kazi kutwa."

Chafya ina nguvu, sikatai, lakini wimbo mzima huwezi kuuimba kwa chafya. Nikaenda kulitoa boksi dirishani.

Akabadilisha fyuzi, akashukuru kwamba ni fyuzi tu. Akazifunga spika upya kwa foleni: umeme uingie ya kwanza, utokee humo uende ya pili, ndipo urudi nyumbani. Nne na nne zikawa nane, zinabisha kweli. "Chombo hakitaungua, ila spika hazitapiga kelele," akasema.

Jumuiya ikafika. Nikaweka wimbo. Ukatoka mzito, laini, kama mtu anayeimba huku anapepeta mahindi. Jirani alikuwa amekaa mlangoni, akatega sikio.

"Dada, hizi zinaimba au zinaungama?"

"Zinaimba."

"Basi ongeza."

"Haiongezeki. Sogea."

Akasogea na kiti chake. Wa nyuma yake wakasogea. Mwenyekiti wa jumuiya akakosa nafasi, akakalia gunia la mbaazi. Tulibanana mbele ya zile mbao mbili hata kitambaa nilikiona kinatetemeka kidogo kwa sauti ya chini, ile ambayo mzee alikuwa akiipenda.

Wimbo ulipokwisha ikabidi tusimame kwa sala, lakini tulikuwa tumeshonana, magoti ya huyu kwenye mgongo wa yule, na hakuna aliyejua aanze nani kutoka. Mwenyekiti akajaribu, gunia likamrudisha.

"Uweke tena," jirani akasema, "wakati tunafikiri."

Nikauweka tena.